Pua ya Watiru

Themi, Arusha
3 Machi 2024

Shangazi yangu Tabea,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi ya huko Songea? Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Amemaliza kupalilia migomba ya juu na anasema mvua zimeanza vizuri, mlima haujaonekana wiki nzima. Tangu Baba atutoke yeye ndiye anayeshika jembe kama kijana, ukimwambia apumzike anakuuliza amwachie nani.

Hapa studio wananicheka kwamba bado naandika barua kwa kalamu na kuipeleka stendi kwa watu wa vifurushi. Nawaambia shangazi yangu hupokea simu za msiba tu. Wakicheka zaidi nawaambia kwamba tangu nikiwa kidato cha kwanza, bwenini, hakuna hadithi yangu iliyosomwa na mtu mwingine kabla yako, na kila moja ilirudi na wino mwekundu.

Sasa nina nyingine, Shangazi, na hii ni kubwa. Unajua tamthilia yetu ya kituo cha anga, ile tunayoipiga picha kwenye ghala la zamani la vitunguu. Nimepewa kuandika sehemu ya tisa peke yangu. Chombo kibovu kinafika kituoni kikiwa na watu wawili wa sayari moja, mwanamke anayeitwa Ukai na mwanamume anayeitwa Denu. Ngozi zao za buluu, macho yao ya dhahabu, kwa macho ya binadamu ni kama mtu na kaka yake. Lakini Ukai ni Mtiru na Denu ni Mneba, na watu hao wamechinjana miaka mia mbili. Daktari wa kituo anamuuliza Ukai, "Mnatofautiana wapi?" Ukai anajibu, "Yeye ananuka." Daktari anamnusa Denu, hapati kitu. "Ananuka nini?" Ukai anamwonea huruma: "Wewe huna pua."

Halafu kituo kinashika moto. Moshi unaharibu pua ya Ukai. Siku mbili amelala gizani, amefungwa bandeji machoni, na kuna mtu anamshika mkono, anamnywesha maji. Hajui ni nani. Ni Denu.

Hapo ndipo nimekwama. Pua ikirudi, Ukai atafanya nini? Godwin, mtayarishaji wetu, anataka wakumbatiane na wimbo upigwe. Mimi moyo unakataa. Tunapiga picha mwishoni mwa Mei. Naomba wino wako mwekundu mapema.

Mwanao,
Prisca

---

Songea
21 Machi 2024

Mwanangu Prisca,

Marahaba. Goti lipo, linanitabiria mvua kuliko redio. Mahindi yamebeba vizuri, na wanakwaya wenzangu wamenichagua mweka hazina ingawa nilikataa mara mbili. Msalimu mama yako. Mwambie dawa ya kuchua aliyoniagiza ipo kwenye kifurushi hiki, asiipake penye kidonda.

Hadithi yako nimeisoma. Ukurasa wa nne umeandika "mlango wenyewe wenyewe", futa mmoja. Daktari hamfungi mtu bandeji machoni kwa sababu ya moshi bila kumwosha kwanza. Weka maji safi. Jina Denu ni zuri.

Kuhusu mwisho, Godwin ni mtu mzima, ana kazi yake, msikilize.

Lile neno, kwamba ananuka, umelitoa wapi?

Shangazi yako,
Tabea

---

Themi, Arusha
6 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Dawa imefika, Mama amejipaka hadi nyumba nzima inapiga chafya. Kahawa imeanza kuvimba. Mtoto wa Anaeli wa jirani amebatizwa Jumapili ya Pasaka, tukala pilau.

Katika miaka kumi na nane hujawahi kuniambia nimsikilize mtu mwingine. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta wino mwekundu. Umenisahihishia bandeji tu.

Nilitaka kukujibu kwamba neno hilo lilikuja lenyewe. Si kweli. Wiki ya mwisho ya Baba, nilikuwa nimekaa naye mchana, usingizi unamchukua na kumrudisha. Akafumbua macho akasema, "Tabea alisema nyumba inanuka." Nikamuuliza, "Nyumba gani, Baba?" Akasema, "Ilikuwa inanuka maziwa. Mimi niliipenda." Akageukia ukutani. Sikumuuliza tena, na sikukuuliza wewe, kwa kuwa ulikuja msibani umechoka.

Nakuuliza sasa. Ulisema nini, na nyumba gani?

Prisca

---

Songea
18 Mei 2024

Mwanangu Prisca,

Marahaba. Najua nimechelewa. Sikuugua wala barua haikupotea njiani. Nilikuwa naiandika hii.

Huku tumeshavuna. Habari nyingine sina, kwa hiyo niingie moja kwa moja.

Mwaka 1982 baba yako alikuwa na mchumba. Aliitwa Silantoi, Mwarusha wa Ngaramtoni, walikutana kwenye mashindano ya kwaya. Baba yetu, kwa Umeru wake, alinung'unika kidogo kuhusu binti kutoka upande ule, halafu mama yetu akavunjika nyonga, na mnung'uniko ukaisha, maana Silantoi alikuja kumuuguza. Miezi miwili. Alimwogesha, alimgeuza kitandani, alikamua ng'ombe, alipika. Mimi nilikuwa chuoni nasomea unesi, najifunza vitabuni namna ya kufanya yale aliyokuwa akiyafanya yeye bila kitabu.

Nilirudi Desemba na cheti changu na viatu vyeupe. Usiku ule mama aliomba maji. Nikainuka. Akasema, "Hapana, niitie Silantoi."

Kesho yake walinifanyia sherehe. Mchungaji alikuwepo, wazee walikuwepo. Silantoi alipika loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu, akapita anampakulia kila mtu. Alipofika kwangu nikafunika bakuli langu kwa kiganja nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Nyumba hii siku hizi inanuka Uarusha."

Wengine walicheka, Prisca. Loshoro ni chakula chetu pia. Nyuma ya jiko tulikuwa tumefunga ng'ombe watatu. Kama palikuwa na harufu, nilizaliwa ndani yake na nilinyonya humo. Lakini nilipoitamka nikainusa kweli. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kwa ajili ya Ukai wako. Si kwamba Mtiru anadanganya. Akishasema ananusa, ananusa.

Silantoi aliweka upawa chini, akanawa mikono, akachukua kanga yake, akaondoka. Miezi mitatu baadaye nikaomba kituo cha kazi cha mbali kabisa walichokuwa nacho. Watu walisema Tabea ana wito. Sikuwakatalia.

Mwaka mmoja na nusu baadaye baba yako alimwoa mama yako. Kwa hiyo kama ningenyamaza siku ile, wewe usingezaliwa. Nimejificha nyuma ya jambo hilo tangu siku nilipokubeba mara ya kwanza.

Msibani kwa baba yako Philemoni nilimwona Silantoi. Alikaa nyuma kabisa, na mwili ulipokwisha kuzikwa akaondoka kabla ya chakula. Nilimtambua kwa mwendo. Sikuinuka.

Umeniuliza pua ikirudi Ukai atafanya nini. Atasimama, ahamie kiti cha mbali. Usimdanganye mtu.

Tabea

---

Themi, Arusha
2 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Tuko salama. Baridi imeanza, asubuhi tunawasha moto jikoni na hakuna anayetaka kutoka.

Nimekaa na barua yako siku tatu kabla ya kumwonyesha mtu. Jambo moja nalisema kwa heshima zote: usinitumie mimi kama kisingizio. Mimi sikuombwa. Nimezaliwa, nashukuru, na neno lako bado lilikuwa baya.

Kisha nikaenda nyumbani, nikamsomea Mama. Niliogopa. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha kumenya. Nilipofika kwenye jina la Silantoi akasema, "Mbona namfahamu. Tunakutana kila mwaka kwenye semina ya akina mama."

"Mama! Na hujawahi kusema?"

"Nimwambie nani? Huyo ng'ombe mwekundu hapo nyuma ulidhani ametoka wapi? Aliniuzia yeye, na hakunipunja." Akatia ndizi sufuriani. "Sina ugomvi na mtu aliyeondoka kabla sijafika. Nenda kamwone. Ngaramtoni, ukishuka uliza kwa mama Kasaine wa maziwa."

Nilikwenda Jumamosi. Kutoka stendi nilichukua bodaboda, na Kasaine mwenyewe, mwanawe wa kwanza, alinipokea barabarani. Nyumba ya matofali, bati la kijani, ua umefagiwa hadi zinaonekana alama za ufagio. Silantoi ana ng'ombe sita na shamba la mahindi linaloshuka hadi korongoni. Nikamwamkia kwa Kimaasai nilichonacho, "Takwenya," akaitika, "Iko," kisha akaniuliza kwa Kiswahili nilikojifunzia matamshi mabaya kiasi hicho. Ni mrefu. Ana meno yote. Alinipa chai ya maziwa matupu yenye tangawizi na mandazi mawili, nilipomaliza akaongeza mawili. Alifiwa na mumewe miaka tisa iliyopita. Anaimba bado, sauti ya pili. Mbwa wao ana miguu mitatu na anawashinda mbio wenye minne.

Nilimwambia mimi ni nani na nani amenituma, ingawa hukunituma. Tuliongea kama saa mbili. Tutazungumza zaidi tukionana.

Picha zimesogezwa hadi Julai, vifaa vya taa vimechelewa. Nimeshukuru.

Prisca

---

Songea
15 Juni 2024

Prisca,

Marahaba. Wote wazima.

Umeniandikia mandazi manne na mbwa wa miguu mitatu. Nimekuwa nesi miaka thelathini na tano; daktari akianza kuongelea hali ya hewa, najua majibu ya maabara yamekuja mabaya. Saa mbili mliongea. Alisema nini?

Mimi niliandika yangu. Andika na wewe.

Tabea

---

Themi, Arusha
24 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo nami sina habari nyingine.

Nilinyamaza kwa ajili ya Baba, si kwa ajili yako. Unajua nilivyompenda.

Nilimwambia mama Kasaine kwamba unajuta kwa neno ulilosema, kwamba neno lako ndilo lililomfukuza.

"Tabea anadhani niliondoka kwa sababu yake?"

"Ndiyo, mama."

"Huyo naye anajipa ukubwa. Maneno kama hayo niliyasikia hata kwetu. Mama yangu mzazi alipojua naolewa Umeruni alisema nitanuka ndizi mbivu hadi kaburini. Neno la wifi lisingenitoa." Akashika kikombe chake kwa mikono miwili. "Tabea alipolisema, nilimtazama Philemoni. Alikuwa ameinamia bakuli, anakula. Nikasema ngoja ameze. Akameza, akachota tena. Nikamwachia vijiko vitatu, mwanangu. Cha tatu kilipoingia mdomoni, nikaweka upawa chini."

Nikamuuliza kama Baba hakumfuata kabisa.

"Alinifuata. Baada ya mwezi. Alisimama pale kwenye ule mti wa uzio akalia. Nikamwambia, mwezi ni mrefu."

Nilirudi Themi nimekasirika hadi nikapita kituo cha kushukia. Nilimkasirikia yeye kwa kuniambia, halafu wewe, halafu nikafika kwa Baba mwenyewe. Jana nimekwenda makaburini, nikang'oa magugu, nikamwambia Baba kwamba alikosea. Hakuna kilichotokea. Nikapanda ua.

Sasa sikiliza kuhusu sehemu ya tisa. Nimeiandika upya. Daktari na Ukai na Denu wapo kama walivyokuwa. Nimeongeza Kapteni. Wote wako mezani, Ukai anasema "ananuka", na kamera haimtazami Ukai wala Denu. Inamtazama Kapteni anayekula. Godwin aliposoma alinipigia: "Prisca, Kapteni ni shujaa wetu, watoto wana fulana zenye picha yake. Unamharibu."

Nikamwambia, "Simharibu. Ninamfanya awepo."

Tulibishana siku mbili. Mwigizaji anayecheza Kapteni, mzee Sadoki, ndiye aliyeamua. Alisoma ukurasa ule amesimama, akasema, "Hiyo kazi naifanya, na nitakula kweli, msiniletee chakula cha bandia."

Kukumbatiana hakupo. Pua ya Ukai inarudi, anamwachia Denu mkono, anahamia chumba cha mbali, kama ulivyosema. Yaliyobaki utayaona.

Nimebakiza jambo moja la mama Kasaine. Nilimuuliza kama ungeweza kumwandikia. Amesema, "Asiniandikie. Barua anaweza kuiandika mtu aliyekaa. Mwambie aje."

Prisca

---

Ngaramtoni
11 Agosti 2024

Mwanangu Prisca,

Marahaba, kama uliamkia. Mama yako amesema utakuwa Dar es Salaam hadi mwisho wa mwezi mkikatakata picha za sehemu zinazofuata, kwa hiyo natuma huko. Kula vizuri, na ule samaki wa huko mtu asikuuzie wa jana.

Ndiyo, umesoma vizuri juu hapo. Ngaramtoni.

Nilikaa na barua yako wiki tano. Wiki ya kwanza nililia kwa ajili ya kaka yangu. Ya pili nilifurahi, na nakiri, kwamba lawama imepata mtu mwingine wa kuibeba. Hapo nikajiona. Philemoni alikula, lakini chakula kile mimi ndiye niliyekitia sumu. Kila mtu na lake. Nikakata tiketi.

Siku mbili njiani, goti limevimba kama papai. Kasaine alinishusha getini. Silantoi alikuwa anakwenda zizini na ndoo. Akasimama.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe."

"Mimi nimenenepa. Ni tofauti."

Nilikuwa nimekariri maneno tangu Makambako. Nikaanza, "Silantoi, nimekuja..." Akanikatiza: "Ng'ombe hasubiri. Shika ndama."

Nikashika ndama, Prisca, na sketi yangu ya safari, miaka sitini na sita. Alikamua hadi mwisho bila haraka. Kisha akageuza ndoo nyingine, akaikalia. "Haya, sema."

Yote niliyokariri yakanitoka. Nikasema, "Nyumba haikuwa inanuka. Mama aliomba maji akakuita wewe. Niliona wivu, nikatafuta kitu cha kukupiga nacho, nikaokota kabila lako."

Ndama akawa ananilamba mkono. Baadaye akasema, "Hilo la maji sikulijua." Halafu akaniuliza mama alikufaje, na kama aliteseka, na kama nyonga iliunga. Nikamweleza yote. Alilia kwa ajili ya mama yangu pale zizini, mimi nikiwa nimemshikia ndama.

Aliponyanyuka akaniambia, "Sijakusamehe leo. Nikikusamehe nitakwambia, sitakuficha. Lakini umekuja kwa miguu yako, ingia ndani ule." Usiku ule alipika. Alipofika kwangu na upawa nikashika bakuli kwa mikono miwili nikaliinua. Nilikula mabakuli mawili.

Nimekaa siku tisa sasa. Mama yako alikuja juzi, wakacheka wawili hao kuhusu kaka yangu hadi nikataka kumtetea, nikashindwa kwa kucheka.

Jana jioni tuliangalia sehemu yako. Sebule ilijaa, majirani, wajukuu, mbwa. Kapteni alipoinamia sahani yake, na kamera ikakaa pale, ikakaa, Silantoi akasema "Nyamazeni," ingawa hakuna aliyekuwa anaongea. Na Ukai alipohamia chumba cha mbali nilijua, lakini sikujua atarudi. Sikujua atasimama mlangoni aseme, "Nakunusa," na Denu ajibu, "Najua," na Ukai aje akae naye hata hivyo. Mwanangu, sina wino mwekundu hapo. Jirani mmoja alilalamika kwamba hawakukumbatiana. Silantoi akamwambia, "Wewe unataka harusi kabla ya barua ya posa."

Leo asubuhi amenichukua kanisani kwake. Tumechelewa kwa sababu ya goti langu, benchi la akina mama limejaa. Wote wakageuka. Bibi mmoja wa mbele akamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Silantoi, mgeni wako ni nani?"

Nilidhani atasema wifi, au rafiki, au mtu wa Songea. Akawaambia wote, "Huyu ni Tabea. Alinitukana mwaka themanini na mbili. Amekuja."

Wakacheka, benchi zima, wakasogea. Nikakaa.

Shangazi yako,
Tabea